Chuma cha Kwa Dena

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nasor alikuja dukani leo na karatasi zenye picha za rangi. Nilijua ana haja hata kabla hajamaliza salamu, maana ndugu yangu huyu akiwa hana haja hukaa kwake Matsangoni mwezi mzima bila kukumbuka kwamba ana dada Malindi. Akaagiza kahawa, mimi nikalipa. Akakaa juu ya mifuko ya saruji ingawa nimemkataza mara ngapi sijui.

"Dada, safari hii si porojo. Kwa Dena kuna chuma."

"Chuma kiko hapa," nikamwambia. "Geuka nyuma yako uone nondo."

Akacheka. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni; Nasor humtoa kwa kicheko tu.

Akanieleza. Kuna kampuni changa, mwenyekiti wake anaitwa Bwana Gerishom, imepata leseni ya kutafuta chuma katika kile kilima chekundu cha Kwa Dena, huko bara alikozikwa babu yetu. Kampuni haina mgodi, haina mtambo, haina hata lori lake. Ina leseni, ina kilima, na ina mwanajiolojia mmoja. Inauza hisa ili ipate pesa za kuchoronga, yaani kutoboa ardhi kwa mtambo. Chuma kikionekana, hisa moja itakuwa kumi. Kisipoonekana, kila mtu ashike njia ya kwao. Nasor ndiye wakala wao pande hizi, na yeye mwenyewe ametia fungu lake lote la kiwanja cha Bofa.

Sasa anataka na fungu la Aaliya.

Aaliya ni mtoto wa ndugu yetu Zayd, Mungu amrehemu. Nimemlea tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu. Kiwanja hicho cha baba kilipouzwa, fungu la Zayd lilimwangukia yeye, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mpaka atimize miaka kumi na minane. Hivi sasa yuko katika mtihani wa kidato cha nne, na hana kitu kingine duniani.

Nikamwambia Nasor mali ya yatima haichezewi.

"Nani anacheza? Mimi nataka izae. Kwako inalala tu."

Nikamwambia aondoke juu ya saruji yangu.

Jumatano, 5 Novemba

Mawingu tangu alfajiri. Tukaanua nguo. Hakuna tone.

Jumapili, 9 Novemba

Nimezisoma zile karatasi baada ya sala ya alfajiri, mara mbili, na kalamu mkononi. Mimi si mtu wa kukataa jambo kwa sababu silijui. Duka hili nililianza kwa misumari ya kupima kwa kopo.

Yaliyo mazuri: leseni ni ya kweli, niliuliza, nikahakikishiwa, na muda wake bado. Barabara ipo, mbovu lakini ipo. Bandari ya Mombasa haiko mbali, na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa chuma ni kizito na bei yake ni rahisi. Ukikipata mbali na bandari unakula hasara kwa malori. Wanunuzi wapo. Kila mwezi nondo zinanipandia bei, na anayeniuzia analalamika kwamba chuma cha kuyeyusha hakitoshi.

Yaliyo mabaya: kampuni za namna hii kumi zikianza, labda moja hufika. Hakuna aliyechoronga pale hata shimo moja. Wanachokijua ni mchanga na mawe waliyookota juu juu. Katika sehemu sita walizopima, tano ni za kawaida. Sehemu ya sita, korongo lililo upande wa mashariki, ndiyo yenye majibu ya ajabu, na hoja yote imesimama juu ya hilo korongo.

Nikafunga karatasi. Bado sijaona mahali pa kucheka wala pa kulia.

Ijumaa, 14 Novemba

Joto. Feni ya dukani imekufa.

Jumanne, 18 Novemba

Huyo mwanajiolojia nimemwona. Nilitarajia mwanamume mwenye kitambi. Kumbe ni msichana, Emily, mtoto wa Kigiriama wa Ganze, kavaa suruali na viatu vizito, jua limemchoma mpaka puani. Kaja kununua sepetu, kamba na magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewauzia watu kilima?"

Hakukasirika. Akasema yeye hauzi, yeye hupima tu. Nikamwona mjanja; mtu asiyekasirika ni wa kuogopwa. Nikamuuliza kwa nini korongo lina majibu mazuri na kilima hakina. Akachukua kipande cha boksi akanichorea.

"Maji ya mvua yanakusanya kila kitu kutoka juu, mama, yanakiteremsha korongoni. Mchanga mwepesi unakwenda, mzito unabaki. Tukikuta chuma chini, maana yake kiko juu kimejificha. Kazi yetu ni kukifuata kilikotoka."

Wallahi, ilinikaa akilini. Hata mimi nikitaka kujua gunia gani limetoboka, hufuata unga.

Akaniachia kichupa cha plastiki chenye ule mchanga wa korongoni, mweusi mweusi, unameta. Ndani kuna kipande cha gamba la kome, kidogo kuliko ukucha. Nikamwonyesha. Akasema zamani sana bahari ilifika mpaka kule, magamba si ajabu.

Nimekiweka kaunta, karibu na mizani. Wateja wanakiuliza. Nasor atafurahi.

Sikumpenda yule msichana. Ana majibu ya kila kitu.

Jumamosi, 22 Novemba

Aaliya amemaliza mtihani. Amelala mpaka adhuhuri ikamkuta. Alipoamka akaniambia, "Shangazi, nikipasi nataka ufamasia," kisha akaenda kula, kana kwamba ameomba chumvi. Ufamasia! Mkopo wa serikali utalipa kipande; kinachobaki ni kile nilichokishika mimi.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua ya dakika chache. Vumbi halikulala hata.

Jumatano, 3 Desemba

Leo Nasor alinipeleka Kwa Dena kwa pikapu yake, nikaone kwa macho. Kila ninachoambiwa nakuta ndivyo kilivyo. Kilima chekundu, mashimo yamechimbwa vizuri, yamezungushiwa kamba niliyouza mwenyewe. Emily yumo korongoni mpaka kiunoni, anatoa mchanga. Bwana Gerishom naye alikuwepo, mtu mpole, anaongea polepole, hakunisukuma hata kidogo. Anayekusukuma humwogopi. Asiyekusukuma ndiye wa kumwogopa, lakini leo sikumwogopa.

Kabla ya kurudi nikamwomba Nasor tupande makaburini tukamsomee babu. Babu alikuwa na duka huku bara, akinunua korosho kwa Wagiriama na kuwauzia nguo na sukari. Alikufa hukuhuku, miaka hiyo hakuna gari la kumteremsha. Alipokuwa katika homa yake ya mwisho aliusia jambo moja: kama atalala mbali na bahari, basi afunikwe kwa mchanga wa Malindi. Tangu hapo kila mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, kizazi chetu hupeleka mchanga wa ufuoni. Kwanza kwa punda, kisha kwa lori la baba, siku hizi kwa pikapu ya Nasor. Bibi na wajomba wawili wamelala hapohapo ubavuni mwake, nao hupata fungu lao.

Makaburi yako ndani ya mikorosho, huwezi kuyaona ukiwa njiani. Dena wa sasa, mjukuu wa Dena aliyekuwa rafiki wa babu, huyatunza. Nasor aliwakataza watu wa kampuni wasiingie kule, wawaheshimu wafu, na wao wakaheshimu. Nikaona kweli ndugu yangu ana adabu.

Mchanga wa Shaaban iliyopita karibu wote umekwisha chukuliwa na mvua. Udongo mwekundu umeanza kuchungulia. Nikamwambia Nasor Shaaban ijayo tulete mwingi zaidi. Akawa anaangalia chini kule mashimoni. Nikadhani anamkumbuka baba.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemwambia Nasor kwamba matokeo ya Aaliya yakitoka nitatia nusu ya fungu lake. Nusu tu. Akanibusu mkono. Moyo wangu umetulia. Nimepima, nimeuliza, nimekwenda, nimeona. Mtu afanye nini tena?

Jumanne, 23 Desemba

Tuko katika Rajab. Malindi imejaa wageni, bei ya samaki haisemeki.

Ijumaa, 9 Januari 2026

Amepasi! Amekuwa wa kwanza shuleni kwao. Nilipiga kigelegele dukani mpaka mteja akaangusha kopo la rangi, na sikumtoza. Aaliya akalia, mimi nikalia, Kadii anayeuza mahamri barazani kwetu akalia naye bila kujua tunalilia nini.

Nikampigia Nasor. Jumatatu nampa zile fedha.

Jumapili, 11 Januari

Nitaandika kwa mpango.

Asubuhi tulikuwa tukisafisha duka, mimi na Aaliya. Boksi la misumari likamwagika. Tuna sumaku kubwa ya kuokotea misumari, nimekuwa nayo tangu nianze. Aaliya akaipitisha sakafuni, akamaliza, kisha kwa mchezo akaisogeza kwenye kile kichupa cha Emily. Mchanga ukaruka ukajibandika ubavuni mwa kichupa.

"Shangazi, tazama! Kama ule wa ufuoni."

Nikamwambia huu ni wa bara, ni chuma. Akasema na ule wa ufuoni ni chuma, shuleni waliwahi kwenda nao maabara. Ni mto Sabaki unaouleta. Mtoto hakusema zaidi. Akaendelea kufagia.

Lakini mimi nilisimama palepale na ufagio. Nilijiona na miaka minane, mimi na Nasor na Zayd, tunaburuta sumaku ya baba kwa uzi pale ufuoni, inaota ndevu nyeusi, na Nasor anajitia ndevu hizo kidevuni anajifanya kadhi. Hakuna mtoto wa Malindi asiyeujua ule mchanga.

Nikakifungua kichupa nikaumimina kwenye kiganja. Nikakiona kile kipande cha gamba. Kilima kikanijia mbele ya macho: juu, ndani ya mikorosho, makaburi, chini yake, mteremko, chini ya mteremko, korongo. Mchanga mwepesi unakwenda, mzito unabaki. Yule msichana alisema kweli tupu. Kiko chini kwa sababu kimetoka juu. Kimetoka juu kwa sababu tumekipeleka sisi, kila Shaaban, tangu kabla mimi sijazaliwa.

Hakuna chuma Kwa Dena. Kuna mchanga wa babu yangu.

Nilikaa juu ya saruji mimi mwenyewe. Aaliya akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto.

Jumatatu, 12 Januari

Nasor alikuja kuchukua fedha, kavaa kanzu mpya. Nikamtuma Aaliya sokoni, nikafunga mlango nusu, nikamimina mchanga kwenye sahani na kuweka sumaku juu yake. 

Akauangalia. Akaiangalia sumaku. Nilingoja ashtuke. Namjua ndugu yangu tangu tumboni mwa mama, angeshtuka ningeliona. Hakushtuka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ile siku tulipokwenda kuzuru. Ulipoutaja mchanga."

"Na ukanibusu mkono baada ya hapo!"

"Dada, nisikilize. Mimi fungu langu lote limo humo. Nyumba nimeiweka rehani." Hapo ndipo niliposikia habari ya rehani kwa mara ya kwanza. "Mtambo wa kuchoronga unakuja Machi. Siku utakapoonekana barabarani bei itapanda, watu wataingia kwa pupa. Siku hiyohiyo tunauza, mimi na Aaliya. Anakwenda chuo kikuu mpaka amalize, na zinabaki za harusi. Hatukumwibia mtu. Nani alisema uwongo? Mchanga ule umepimwa maabara, na chuma kimo."

"Na atakayenunua kwetu?"

"Atakayenunua ni mtu mzima."

Nilitaka kumpiga na ile sahani. Sikumpiga. Nikamwambia fedha sitoi, na aende. Akaomba kitu kimoja tu: ninyamaze. "Usitie, sawa. Lakini usiniue. Mimi ndiye ndugu uliyebakiwa naye."

Nikasema sawa. Naiandika ili niione: nilisema sawa.

Jumatano, 14 Januari

Kaskazi inavuma kavu. Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 15 Januari

Aaliya ameanza kusoma habari za vyuo. Ananisomea ada kwa sauti.

Jumamosi, 17 Januari

Nimepiga hesabu nisizopaswa kupiga. Kama ningelitia nusu, na bei ikapanda japo mara tatu. Kama ningelitia yote. Shetani hana haja ya kuja na pembe, anakuja na kikokotoo. Kila aliyesoma chuo cha Kurani anaujua moto wa mali ya yatima, lakini hakuna aliyenifundisha kama moto huo unawaka pia ukiizidisha mali hiyo kwa kumwingiza shimoni mtu mwingine. Nadhani nalijua jibu. Ndiyo sababu silali usiku.

Jumanne, 20 Januari

Mwezi wa Shaaban umeandama. Na leo Kadii kanimaliza.

Kadii amekuwa akiuza mahamri barazani kwangu miaka mingi. Ni mjane, nyumba yake ya Matsangoni imeezekwa makuti na kila masika yanavuja. Kwa hiyo ananiwekea fedha kidogo kidogo za mabati. Akiuza vizuri, ananipa, mimi namwandikia. Amebakisha kidogo tu afikie bati la mwisho.

Leo kaja kafunga leso vizuri, akasema, "Bi Kulthum, naomba zile pesa zangu za mabati."

Nikafurahi, nikadhani amepata fundi.

"La, mabati yatangoja. Nanunua hisa. Bwana Nasor amekuja kwetu, kazungumza vizuri, jirani zangu wametoa. Ndugu yako huyo, si mtu baki. Nikamwambia basi kama Bi Kulthum yumo, na mimi nimo."

"Nani alikwambia mimi nimo?"

"Si kichupa kiko kaunta kila siku?"

Lo! Mimi niliyejidhani nimenyamaza, kumbe kichupa kimekuwa kikisema kwa niaba yangu tangu Novemba. Nikamwambia Kadii fedha nimezifungia, aje keshokutwa. Alipotoka nikakichukua kile kichupa, nikakitia mfukoni, nikafunga duka saa za kazi. Majirani wakaniuliza nani kafa.

Nikamwambia dereva wa teksi anipeleke Mnarani, anakopanga Emily.

Jumatano, 21 Januari

Jana nilimkuta Emily anafua. Akaniletea kiti, akaniamkia, akataka kuchemsha chai. Nikamwambia asichemshe, atakachotaka kunifanyia baada ya kunisikia si chai. Nikamwambia yote: babu, wasia, Shaaban, punda, lori, pikapu. Sumaku nilikuwa nayo kwenye pochi.

Hakunikatiza. Alipokuwa na majibu ya kila kitu nilimchukia. Jana aliiomba sumaku tu, akaigeuzageuza mkononi, na hilo nalo sikulipenda. Mwisho akasema, "Twende tukaone, mama. Kesho asubuhi."

Leo tulikwenda. Dena akatufungulia njia, mimi nikampa Emily ruhusa mbele ya babu na bibi, kwa sauti, wasije wakadhani tumeingia kihuni. Akavua viatu bila kuambiwa. Akapitisha sumaku kaburini ikaota ndevu. Akapitisha pembeni mwa makaburi, hatua chache juu ya kilima, kwenye udongo ambao hatujawahi kuugusa. Ikatoka tupu. Akachimba kwa sepetu, akapitisha tena. Tupu. Akafanya hivyo kila upande mpaka jasho likamlowesha mgongo wote, na mimi nilijua hafanyi kwa kutoniamini. Alikuwa akiomba akute hata kidogo.

Kisha akakaa chini, mikono juu ya magoti.

"Niliona mikorosho, nikataka kuingia," akasema. "Bwana Nasor akaniambia ni makaburi ya watu wake. Nikaona adabu nisiingie. Sikuuliza yamefunikwa kwa kitu gani."

"Hata mimi niliyaona yakiwa mekundu, mwanangu, nikaona ni uchache wa mchanga."

"Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza, mama."

"Utafanyaje?"

"Nitaandika nilichokiona." Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, ukamwachia udongo shavuni. Nikaufuta kwa ncha ya buibui yangu. Sikuwahi kumwambia kama nilimdhania vibaya, na sikumwambia leo. Nilimshika mkono tu tukateremka.

Alhamisi, 22 Januari

Nimemwambia Kadii. Nilidhani atanishukuru. Akasema, "Nyinyi wenye maduka hampendi na sisi tupate." Akachukua fedha zake zote, akazihesabu mbele yangu. Mahamri leo kayauzia ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 28 Januari

Emily amepeleka taarifa yake. Bwana Gerishom amesimamisha kuuza hisa. Emily ananiambia wamemwita Nairobi, hajui kama ni kupongezwa au kufukuzwa.

Nasor alinipigia simu. Hakusalimu.

"Umeniua, Kulthum." Hajawahi kuniita jina tupu maishani mwake.

Nikamwambia arudishe fedha za watu wa Matsangoni kabla hawajamfuata. Akakata.

Jumanne, 3 Februari

Joto. Hakuna aliyepiga simu.

Ijumaa, 6 Februari

Nasikia Nasor ameuza pikapu ili awalipe watu. Kadii alikuwa hajampa kitu. Jirani zake wamelipwa wote. Fungu la Nasor mwenyewe limekwenda na maji, na nyumba haijulikani kama itaokoka. Nilipika biriani leo kwa sababu ni Ijumaa, nikajikuta nimepakua sahani yake.

Jumatano, 11 Februari

Kadii kapita bila kugeuza shingo.

Jumapili, 15 Februari

Ramadhani iko mlangoni, na mchanga haujapelekwa. Tangu nizaliwe haijatokea. Pikapu hakuna, na mwenye kuupeleka hasemi nami. Nikamwambia Aaliya tutakwenda wawili, na mchanga wa kubeba mikononi, babu atatuelewa. Tukachota ufuoni asubuhi, magunia mawili madogo, tukakodi gari mpaka Kwa Dena.

Dena akatupokea na uso usiosomeka. "Yupo huko," akasema. "Tangu Alhamisi."

Tulipotokea kwenye mikorosho nikamwona ndugu yangu. Kavaa kikoi kuukuu, kifua wazi, amepungua. Anapandisha mteremko na gunia mgongoni, anapumua kwa shida. Akafika, akalimwaga kaburini mwa bibi, akatandaza kwa mikono. Lilikuwa la mwisho. Makaburi yote manne yalikuwa yamefunikwa, meusi, yanameta juani. Chini, lile korongo lilikuwa limekwanguliwa mpaka kwenye udongo mwekundu, na kamba ya kampuni imekunjwa vizuri pembeni.

Hakutuangalia. "Ulikuwa umeteremka," akasema. "Nimeupandisha."

Nikaliweka gunia langu chini. 

Aaliya ndiye aliyesogea. "Shikamoo ami."

Nasor akajifuta mikono kwenye kikoi, akajifuta tena, kana kwamba haitatakata. "Marahaba, mwanangu. Nasikia umepasi."

"Nimepasi."

"Na fedha zako ziko wapi?"

"Kwa shangazi."

"Zikae hukohuko," akasema. Akaketi chini, akajiziba uso. Aaliya akakaa karibu naye, wala hakumgusa, wala hakuondoka.

Nikafungua pochi. Kichupa cha Emily kilikuwamo bado. Nikakifungua, nikakimimina juu ya kaburi la babu, na kile kipande cha gamba kikaanguka juu kabisa. Kisha nikamwambia Nasor anyooshe mkono wake atandaze, maana kazi hiyo ni yake. Akautandaza.

Tukasoma Fatiha. Yale magunia mawili tuliyoyaleta tumemwachia Dena, ya mwakani.